Mrejesho: paneli za milango na dari la Bedford TJ ya 1967

Ndugu zangu, niliwauliza kama niagize Uingereza paneli za milango na dari la kebini ya lori la Bedford la marehemu baba, au nimpe fundi hapa Kampala azikate. Asanteni sana, nilifuata ushauri wenu wa kumpa fundi.

Milango imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Paneli za zamani za hadibodi zilikuwa zimevimba chini kama mkate uliolowa, lakini tulizitumia kama kipimo. Fundi wa Katwe akakata plaiwudi ya milimita 3, akaipiga vanishi pande zote mbili na kingo, kisha akavika reksini (ngozi bandia) ya kijivu. Aliyesema niweke karatasi ya nailoni nyuma ya paneli, Mungu akubariki! Maji ya mvua hushuka na kioo hadi ndani ya mlango, na ndiyo yaliyoharibu zile za kwanza. Mvua kubwa tatu zimepita, paneli bado kavu.

Dari lilitushinda mara ya kwanza. Tulibandika kitambaa kipya juu ya unga wa sponji iliyooza ya dari la zamani, na jua la wiki mbili likakiangusha katikati. Tukarudia: tukakwangua kwa brashi ya waya hadi ubao ukawa msafi, tukatumia gundi inayostahimili joto. Sasa limeshika, ila kona ya upande wa dereva ina mikunjo miwili. Nimeiacha hivyo. Mama alipopanda Jumapili, alipapasa mlango kimya, akaomba tumpeleke Masaka.