Mfarishi wa batiki kwa kitanda cha sita kwa sita: nianzie wapi?

BintiChwaka

Assalaam alaykum. Mdogo wangu anaolewa Mfungo Tatu inshallah, na zawadi niliyomkusudia ni mfarishi wa viraka vya batiki, nimshonee mwenyewe kuanzia mkato wa kwanza. Batiki ninazo. Nimekuwa nikinunua kidogo kidogo kwa kina mama wanaochovya huku kwetu: kuna buluu iliyoiva, zambarau, kijani cha mwani, na kahawia moja ya karafuu kavu ambayo naipenda kupita zote. Cherehani yangu ni ya miguu. Nashona madera na mashuka, kwa hivyo mshono ulionyooka haunisumbui.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikizitandaza zote mkekani sioni umbo lolote, kila kitambaa kinataka kutazamwa peke yake. Halafu ile buluu inachuja, na nimeambiwa niiloweke kwenye siki na chumvi. Na ndani niweke nini? Sokoni Darajani wananionesha fiba, lakini kwa joto letu hili sijui kama maharusi watajifunika hata usiku mmoja. Waliokwisha kushona naomba mnielekeze.

MamaWete

Wa alaykumu salaam mwanangu, hongereni kwa harusi. Mimi nashona mifarishi hapa Wete, na kabla yake nilikuwa nashona kofia, kazi niliyofunzwa na mama. Nitakujibu kwa urefu swali la kwanza, kwani hilo ndilo kubwa.

Batiki zako hazigombani kwa rangi. Zinagombana kwa sababu zote zina kiza kimoja. Chukua simu, zipige picha hivyo hivyo zilivyo mkekani, kisha iondoe rangi picha ibaki nyeusi na nyeupe. Utaona buluu, zambarau, kijani na kahawia vyote vimegeuka kijivu kimoja. Jicho linashika mwanga na kiza kabla ya kushika rangi, na mfarishi unasimama hapo. Batiki zinazochovywa kwetu nyingi ni za kiza au za katikati, nyepesi ni chache mno, ndiyo maana anayeshona batiki tupu anamaliza na kitu kilichojaa lakini hakisomeki. Nakuomba usinunue tena kitambaa kilichoiva hata ukikipenda vipi. Tafuta chepesi.

Lakini usikimbilie bafta nyeupe. Weupe ule mkali kando ya batiki unakata jicho, na kwa kitanda cha bi harusi kuna wazee watakaoiona sanda. Chukua marekani isiyopaushwa. Ina rangi ya maziwa, inatulia, na bei yake si ya kukutisha.

Sasa mpango. Kwa mfarishi wa kwanza shona viraka tisa. Kata kila kiraka inchi 4½ kwa 4½. Ukishona kwa robo inchi pande zote kinabaki inchi 4, na tisa vinakupa mraba wa inchi 12. Panga miraba saba kwa saba, unapata inchi 84. Kitanda chako ni inchi 72, basi unaning'inia inchi 6 kila upande. Miraba yote ni 49: 25 ya viraka tisa na 24 mitupu, yaani kipande kizima bila viraka, ikipishana, na pembe zote nne za mfarishi ziwe za viraka tisa. Ndani ya viraka tisa, vitano vya kiza vikae pembeni na katikati, vinne vya marekani vijaze nafasi. Ukishaunganisha utaona viraka vya kiza vimefuatana mshazari mfarishi mzima. Umbo ulilolikosa mkekani litajitokeza lenyewe, na hapo unaweza kuchanganya buluu, kahawia na zambarau bila hofu, maana kazi yao wote ni moja: kuwa kiza.

Kwa kitambaa cha upana wa inchi 44, nunua au jumlisha yadi 2 za kiza, yadi 2 za marekani, na yadi 3 za miraba mitupu. Nimeshatia na ya kurudi kwenye maji.

Ile miraba mitupu iwe batiki nyepesi, na hapo ndipo pa kuweka ua kubwa. Batiki yenye ua la kiganja kizima ukiikata inchi nne nne unabaki na madoa, na aliyeligonga lile ua kwa nta kazi yake imepotea. Hili linaniuma kila nikiliona kwenye mikoba ya kuuzia wageni.

Batiki nzuri imefumwa kwa nyuzi zilizobanana, kwa hivyo badilisha sindano. Weka namba 11 mpya. Ya 14 au 16 unayoshonea madera itaacha vitundu ambavyo havizibi. Huko kubanana kuna faida pia: kiraka hakivutiki ovyo na ncha hazifumuki sana, pembe zinakutana. Na kwa vile rangi imeingia pande zote mbili, hakuna uso wala mgongo. Geuza upande unaoupenda. Kila mshono ukimaliza upige pasi ukiulaza upande wa kiza, usije ukaonekana kupitia marekani.

Fiba iache. Ya buluu kuchuja namwachia anayechovya, yumo humu na atakuja.

FundiNta

Nimekuja, shikamoo mama. Dada, siki na chumvi havizuii rangi ya pamba kuchuja. Chumvi tunaitumia sisi kwenye baadhi ya rangi wakati wa kuchovya. Kitambaa kikishakauka haifungi kitu, na siki ni ya sufi ya kondoo na hariri. Utapoteza siki yako tu.

Kinachochuja mara nyingi ni rangi iliyobaki juu ya uzi bila kushika. Rangi tunazotumia na kostiki na haidro, dawa za kuyeyushia rangi kwenye maji, hushika kitambaa kikitoka kwenye maji na kukutana na hewa. Unaiona inageuka mbele ya macho, inatoka na rangi nyingine kabisa kisha polepole inakuwa ile uliyoikusudia. Mchovyaji akiwa na haraka akasuuza kidogo, ziada inabaki, na wewe unakutana nayo kwenye beseni. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni na subira: ifue peke yake, mwaga, rudia mpaka maji yawe meupe. Kisha loweka kipande pamoja na kitambaa cheupe nusu saa. Cheupe kikibaki cheupe, endelea. Kama kila ukifua bado kinatia rangi, usikiweke karibu na marekani, shonea mto wa kiti.

Angalia na nta. Dondosha tone la maji: likisimama bila kunywewa, nta ingalimo, na itakusumbua kwenye sindano. Weka batiki kati ya karatasi za kaki upige pasi ya moto, ubadilishe karatasi zikilowa. Gazeti usitumie, wino unahamia. Zile nyufa nyembamba za rangi zinatokana na mshumaa kuzidi ndani ya nta, kwani mshumaa unapasuka na nta ya nyuki inakunjika. Si kasoro, usizikwepe unapokata.

Kuhusu nyepesi anazosema mama: nenda kwa hao kina mama unaonunua kwao, uwaombe wakuchovyee vitambaa vyako mwisho, kwenye maji yale yale waliyokwisha kuchovya vya kiza. Rangi inakuwa imepungua nguvu, unapata buluu na kahawia za ukoo mmoja na ulizonazo ila zimefifia. Mwambie mgongaji atumie muhuri mkubwa wa sponji. Hiyo ndiyo miraba yako 24.

MlangoWaMnara

Kwa ndani mimi nimetumia kanga kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika, na mfarishi unatumika mwaka mzima, si kipupwe tu. Wengine wanatia sufi ya mto. Na nikuongezee hili: Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni huku Afrika, wanashona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi. Hawaungi miraba kwanza. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanzia ukingoni kuweka viraka na kuvishona kwa mkono kuzunguka mpaka wafike katikati, na kwenye pembe wanaweka viraka vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, maua. Mfarishi usiokuwa na maua hayo kwao haujakamilika. Kwa aliyezoea mkono hiyo ni njia nzuri kuliko hesabu zote hizo.

MamaWete

Kawandi ni kazi ya heshima, nakubali, na mkono wa mshona kofia ungeiweza. Lakini batiki iliyobanana ukiipitisha sindano ya mkono kwenye matabaka siku nzima vidole vinakoma, na harusi ina tarehe. Ningemwachia kitenge laini kilichochakaa.

Kanga kuukuu sawa kabisa. Sufi hapana, hata kidogo. Inateleza, inajikusanya pembeni, na mfarishi ukifuliwa mara moja unapata mabonge. Ukitaka unene kidogo, blanketi jepesi la pamba linatosha.

BintiChwaka

Mungu awalipe kheri. Nimepiga picha, nimeondoa rangi: kijivu kimoja, kama mama alivyosema. Kesho nakwenda kwa kina mama na vitambaa vyangu. Nimebakiwa na moja. Nikishaweka uso wa viraka, kanga na bitana, kwenye cherehani yangu ya miguu matabaka hayaendi pamoja, nahofia mikunjo chini.

MamaWete

Hilo linazuiwa kwa bandi, mwanangu. Tandaza bitana sakafuni upande wake mzuri uwe chini, uivute inyooke, ibandike kingo kwa utepe wa karatasi. Juu kanga, juu yake uso wa viraka. Bitana na kanga vizidi inchi tatu kila upande, utavipunguza mwisho. Anzia katikati na sindano ndefu, piga bandi kwenda kila ukingo, mistari ipishane upana wa kiganja. Usiruke hata mmoja. Kisha shona kwa cherehani ukianzia tena katikati, mshono mrefu kidogo, na legeza ule mguu unaokandamiza kitambaa. Fuata ule mshazari wa viraka vya kiza ukatize miraba mitupu, huna haja ya kuchora mstari mwingine. Sehemu ya mfarishi isiyoshonwa ikunje ikae begani, isining'inie mezani ikakuvuta.

Ukifika kwenye pindo la kuzungushia, kata ile kahawia ya karafuu inchi 2½. Usiimalize kwenye viraka.