Ukungu kwenye chumba cha mtoto: je, sheria inamlinda mpangaji wa Dodoma?

Mpangaji wa Ilazo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mwezi Oktoba nilipanga nyumba ya vyumba viwili hapa Ilazo na kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya mjini kwetu. Nilipohamia ukuta ulikuwa mkavu na umepakwa rangi mpya. Tangu mvua zilipoanza Desemba, rangi ya chumba cha watoto imevimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na nyuma ya kabati nimekuta ukungu mweusi wenye harufu nzito. Mwanangu wa miaka minne ana pumu, na kwa wiki tatu sasa anakohoa usiku kucha, mimi na mama yake tukilala kwa zamu. Nimempigia mwenye nyumba mara mbili, naye anasema udongo wa Dodoma una chumvi, kila nyumba iko hivyo, nikiona haifai nihame, lakini kodi hairudishwi. Je, ipo sheria inayomtaka atengeneze? Na kwa kuwa hapa mtaani siko peke yangu, tuiombe halmashauri iweke utaratibu gani ili nyumba za kupangisha zisiendelee kujengwa hivi?

Fundi wa Kikuyu

Pole sana, ndugu, na mtoto apone haraka. Mwenye nyumba amesema nusu ya ukweli. Chumvi ipo kweli, na ndiyo ule unga mweupe unaoyeyuka ukiumwagia maji, tofauti na ukungu. Lakini chumvi haipandi ukutani yenyewe. Inabebwa na maji ambayo tofali linayafyonza kutoka ardhini, na maji yakikaukia usoni mwa ukuta chumvi inabaki na kuisukuma plasta hadi inadondoka. Kwa hiyo akitaja chumvi anakiri kwamba maji yanapanda, na mara nyingi sababu ni kwamba hakuna nailoni nzito iliyotandikwa chini ya jamvi (sakafu ya zege) wala juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya ukuta (mstari wa kwanza wa matofali). Watu wengi hapa huiruka hatua hiyo kwa kuwa mji wetu hupata takribani milimita 600 tu za mvua kwa mwaka, wakisahau kwamba karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo.

Kabla hujamwandikia mwenye nyumba, pima. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, kisha uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia na wa nguo mnazoanika ndani. Kipimo hiki kitakusaidia sana akikulaumu kwamba hamfungui madirisha. Angalia pia kama shimo la maji taka liko karibu na ukuta huo. Tafadhali usikubali mwenye nyumba apake rangi ya mafuta juu ya ukuta huo, kwa sababu itafungia maji ndani nayo yatapanda juu zaidi.

Wakili, Area D

Sheria ipo, na inasikitisha kwamba wapangaji wachache wanaijua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, kifungu cha 88, inahesabu kwamba ndani ya kila mkataba wa upangaji mwenye nyumba ameahidi kwamba nyumba ya kuishi inafaa kwa makazi siku mpangaji anapoingia, na kwamba itaendelea kufaa muda wote wa mkataba, hata kama karatasi mliyosaini haikutaja neno hilo. Mwandikie barua yenye tarehe, ambatanisha picha, mpe muda unaoeleweka wa kutengeneza, na ubaki na nakala aliyoisaini. Wakati huohuo mwite afisa afya wa kata aje kukagua, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa hao mamlaka juu ya mazingira ya makazi yanayohatarisha afya, na taarifa yake itakuwa ushahidi mzito. Mwenye nyumba akikaidi, nenda Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 hufanya usuluhishi tu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikate gharama za matengenezo kwenye kodi bila makubaliano ya maandishi.

Udhaifu wa sheria yetu ni kwamba haisemi "ndani ya siku ngapi". Uingereza walijifunza kwa uchungu. Mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, na uchunguzi uliohitimishwa Novemba 2022 ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa ukungu wa nyumba ya kupanga ambao wazazi wake walikuwa wameulalamikia. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika huko Oktoba 2025 kwa nyumba za kijamii, yaani zinazopangishwa kwa bei nafuu na halmashauri au mashirika ya makazi: hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24, na unyevu wenye hatari kubwa huchunguzwa ndani ya siku 10 za kazi. Halmashauri ya jiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, hivyo mpelekeeni diwani pendekezo lenye siku zilizotajwa.

Mwenye nyumba, Nkuhungu

Mimi ninapangisha vyumba vinne na naunga mkono, ila kwa sharti. Sheria ndogo ianze na nyumba mpya: mkaguzi afike msingi ukiwa wazi, aione nailoni, ndipo ukuta upandishwe. Wakati huo gharama ni ndogo. Kubomoa plasta ya nyumba iliyokwisha kunaweza kumla mtu kodi ya miezi kadhaa, kwa hiyo sisi wa zamani tupewe muda, la sivyo gharama itamrudia mpangaji.

Mpangaji wa Ilazo (mleta mada)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimebandua nailoni leo asubuhi na matone yote yako upande wa ukutani. Mtoto tumemhamishia chumba chetu, barua nimeiandika nikimpa mwenye nyumba siku 14, na afisa afya ameahidi kufika Jumatano. Majirani sita wamekubali kusaini pendekezo kwa diwani, na hoja ya kukagua msingi kabla ya kupandisha ukuta tumeiweka ya kwanza.