Kumfunga mgonjwa kitandani: utaratibu ni upi?

Nesi_Jinja: Wadau, mgonjwa akichanganyikiwa usiku, wengine humfunga kwa bandeji hadi asubuhi. Inaruhusiwa?

Afisa_Tabibu: Hapana, dada. Ibara ya 24 ya Katiba yetu ya Uganda inakataza mateso na udhalilishaji, na Ibara ya 44 hairuhusu haki hiyo ipunguzwe kamwe. Kamba si adhabu, wala haizibi pengo la wauguzi. Tafuta kwanza chanzo: pima sukari, oksijeni, joto na malaria, kisha papasa kibofu. Mkojo uliozuilika humfanya mzee apigane na kila mtu! Ukimfunga bila kupima, sukari itaendelea kushuka huku mkidhani ametulia.

Mama_Wodi: Ikibidi kabisa, daktari aandike sababu na muda. Wawepo watu watano: mmoja kwa kila kiungo, mmoja wa kichwa. Bandeji nyembamba hukata ngozi na kubana neva. Tumia mkanda mpana wenye pedi, vidole viwili vipite chini yake. Funga kwenye fremu ya kitanda, si kwenye kizuizi cha pembeni kinachoshushwa, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Asilazwe kifudifudi kamwe, atakosa pumzi. Kila dakika 15 kagua rangi, joto na mpigo wa mkono; kila saa 2 legeza kiungo kimoja kimoja, mpe maji na choo. Andika kila ukaguzi.

Nesi_Jinja: Ndugu zake wakiomba afungwe?

Mama_Wodi: Ombi lao si agizo la daktari. Mwombe mmoja akae naye, taa iwake.