Baba amenyimwa ugali wiki tatu kwa sababu ya neno "amiloidi". Nisaidieni

Mama Tumaini, Ujiji

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Baba yangu ana kidonda cha mfupa kwenye muundi wa mguu, kinafunga na kufunguka huu mwaka wa kumi na moja. Mwaka huu miguu ikaanza kuvimba, ukiminya kwa kidole shimo linabaki, na mkojo unatoa povu kama la sabuni. Tukampeleka hospitali kubwa nje ya mkoa, wakamchoma sindano mgongoni, wakatoa kinyama cha figo. Majibu yakaja: figo lina amiloidi. Daktari alikuwa na foleni hadi mlangoni, akaniambia tu nirudi baada ya mwezi.

Mwanangu wa kidato cha tatu akasema, "Mama, amilo ni wanga." Bibi yake akashtuka akidhani wanga wale wa usiku. Tulipomtuliza, kikao cha ukoo kikapitisha kwamba ugali wa muhogo basi, na viazi basi. Mzee anakula migebuka mitupu na mchicha, amekonda, na kila jioni ananiuliza kosa lake. Je, kweli wanga umemwingia kwenye figo?

Fundi wa Maabara, Tabora

Dada, mpe mzee ugali wake leo.

Mwanao kapatia maana ya neno, ila neno lenyewe lilikosewa tangu lilipoingia hospitalini. Mwaka 1854 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, aliweka iodini na asidi kwenye vipande vya mwili wa binadamu, rangi ikageuka kuelekea bluu. Unajua muhogo ukidondoshewa iodini unavyokuwa. Naye akaona ni kitu cha jamii ya wanga, akakiita amiloidi. Mwaka 1859 wenzake wawili, Friedreich na Kekulé, wakapima na kukuta ni protini. Jina likabaki hivyohivyo, kama mtu aliyeitwa Masika akakutwa kazaliwa kiangazi.

Protini ili ifanye kazi hujikunja kwa umbo lake. Baadhi zikikunjika vibaya hushikana, zinakuwa nyuzi ngumu ambazo mwili hauwezi kuzivunja, zinarundikana kwenye figo, moyo, ini. Figo ni chujio. Nyuzi zikijaa linapitisha protini ya damu, ndiyo hilo povu. Nilipokuwa chuoni nilioneshwa: kipande kinapakwa rangi nyekundu iitwayo Kongo (jina la kibiashara tu la Wajerumani, msiwasingizie majirani zenu wa ng'ambo ya ziwa), halafu unakitazama kwa darubini yenye mwanga uliochujwa. Nyekundu inageuka kijani. Vitabu husema kijani cha tufaha. Mimi wa Tabora niliona embe bichi.

Sasa sikiliza hapa. Protini zinazoweza kufanya hivi kwa binadamu zimepita thelathini, na tiba hutofautiana. Kidonda kisichopona, kifua kikuu cha muda mrefu, ukoma, baridi yabisi: hayo hulifanya ini limwage protini moja kwa wingi miaka na miaka, na ndiyo inayogeuka nyuzi. Kwa mzee wako ningeanza kushuku hiyo, lakini kuna nyingine inatoka kwenye seli za uboho, dawa zake ni tofauti kabisa. Siku ya kurudi, muulize daktari: "Ni amiloidi ya aina gani, na huu mfupa tunautibuje?" Usitoke mpaka ajibu yote mawili.

Na hiyo migebuka, ni ya chumvi? Maana mguu uliovimba adui yake ni chumvi.

Mwalimu wa Baiolojia, Urambo

Kwenye mimea na uyoga mwanao bado yuko sahihi. Wataalamu wa uyoga wakisema vijimbegu vyake ni amiloidi, wana maana moja tu: vimegeuka bluu-nyeusi kwenye dawa ya iodini. Hakuna ugonjwa hapo. Hata ukuta wa seli za mbegu ya ukwaju hugeuka bluu, na watu wa mimea walishalitumia neno hilo kabla ya Virchow. Asichapwe huyo mtoto.

Mpita Njia

Kwani hii siyo ile ya wazee kusahau?

Fundi wa Maabara, Tabora

Ndugu, ile ya ubongoni ni amiloidi pia, ila protini nyingine. Ya figo la mzee haimsahaulishi.

Mama Tumaini, Ujiji

Kusahau hasahau, kwanza wiki tatu anazihesabu. Nimemsomea yote. Amesema huyo Virchow aje amlipe ugali wake. Migebuka kweli ilikuwa ya chumvi, kaka, Mungu anisamehe. Nimemtuma kijana mwaloni akalete mibichi, na maji ya ugali yameshachemka.