Bob Lazar wa Area 51: shahidi au fundi wa hadithi? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa yangu mmoja anaapa kwamba Bob Lazar ndiye mtu pekee aliyewahi kusema ukweli kuhusu Area 51, ile kambi ya siri ya jeshi la anga la Marekani huko Nevada. Hatukufikia mwafaka, nikaona ubishi niulete huku.

Kwa asiyemjua: Mei 1989, kituo cha televisheni cha KLAS cha Las Vegas kilimhoji mtu aliyefichwa sura, akiitwa Dennis. Novemba mwaka huohuo akajitokeza kwa sura na jina lake, Bob Lazar. Alidai aliajiriwa mahali paitwapo S-4, karibu na ziwa kavu la Papoose kwenye jangwa la Nevada. Huko, ndani ya mlima, eti kulikuwa na mabanda yenye visahani virukavyo tisa vilivyotoka sayari nyingine, na kazi yake ilikuwa kuufumbua mtambo unaovisukuma ili Wamarekani wautengeneze wenyewe. Mafuta yake, elementi namba 115.

Zaidi ya miaka 30 sasa yuko palepale na maelezo yake, na wanaomwamini hapo ndipo wanaposhikilia. Mimi hainitoshi. Hadithi ukiisimulia miaka 30 utaisahau vipi? Kinachonikwaza ni vyeti. Anasema alisoma MIT na Caltech, na vyuo vyote viwili havina jina lake. Aliyekwenda kuulizia wala hakuwa adui: Stanton Friedman, mwanafizikia wa nyuklia aliyekula miaka mingi akitetea kwamba wageni kutoka anga za mbali wanafika kweli duniani. Lazar alipotakiwa ataje walau mwalimu wake mmoja, aliyetajwa akakutwa ni wa Pierce, chuo cha kawaida tu cha pale Los Angeles ambako Lazar mwenyewe aliwahi kusoma.

Sasa swali: cheti kikikosekana, ushuhuda wote tuutupe jalalani? Nawasilisha.

Mpiga Kona

Visahani tisa? Kwangu hata vya chai havifiki sita.

Mtoto wa Kigoma

Mleta mada, watu mna usahaulifu. Mwaka 2014 David Kafulila, mbunge wetu wa Kigoma Kusini, alisimama bungeni akasema fedha za akaunti ya Tegeta Escrow zimechotwa Benki Kuu kinyume cha utaratibu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Werema, akamwita tumbili. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza redio saluni, kinyozi akazima mashine ili tusikie vizuri. Novemba mwaka uleule PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ikasoma ripoti yake baada ya ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali: zaidi ya shilingi bilioni 300. Desemba Werema akajiuzulu.

Kwa hiyo nikisikia wakubwa wanamkana mtu, sishtuki. Area 51 yenyewe ilikuwa "haipo" mpaka CIA ilipoitaja kwa maandishi mwaka 2013, wakati ndege za U-2 zilianza kujaribiwa pale tangu 1955. Na maabara ya nyuklia ya Los Alamos, ambako Lazar anadai alikuwa mwanafizikia, ilisema haina kumbukumbu zake, mwandishi wa KLAS akalikuta jina lake kwenye kitabu cha simu cha maabara hiyohiyo! Aliyefuta hapo atashindwa kufuta MIT? Halafu hiyo elementi 115 aliitaja 1989, wanasayansi wameitengeneza 2003 huko Dubna, Urusi. Aliijuaje?

Mleta mada

Mkuu, kitabu cha simu nakikubali. Lakini kisome vizuri: mbele ya jina lake kuna alama ya kampuni ya nje iliyokuwa ikipeleka vibarua na mafundi pale. Kinathibitisha kwamba alipita getini. Kwamba alikuwa mwanafizikia, hapana. Ni kama mtu wa kutengeneza viyoyozi Muhimbili aje akueleze alivyopasua moyo.

Hiyo 115 ndiyo kabisa. Mwaka 1989 elementi zilizokwisha kupatikana zilifika 109, na jedwali linakwenda kwa kuhesabu. Ukihesabu utafika 115, huhitaji kuingia mlimani. Na hii waliyoitengeneza, wakaiita moscovium mwaka 2016, haidumu hata sekunde moja. Lazar yeye alizungumzia kitu cha kushika mkononi, cha kukata vipande na kutia kwenye mtambo.

Bi. Stoo

Wanangu, mimi visahani sivijui. Nimetunza stoo miaka 22, sasa nimestaafu, nakula pensheni na kulea wajukuu. Niwaambie kisa kimoja.

Kazini kwetu alikuwepo dereva, mlevi kweli, hilo halikuwa la kusingiziwa. Siku moja akaja kuniambia dizeli inaibwa usiku. Wote wakasema pombe hiyo inaongea. Mimi nikachukua kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa tambara kikakauka, nikakitumbukiza kwenye tangi mpaka kikagonga chini. Nilipokitoa, unyevu uliishia alama ya 310. Leja yangu ilisema 352. Nikarudia mara tatu maana mkono ulikuwa unatetemeka: hizo lita 42 saini ilikuwa yangu. Mlinzi mmoja na fundi wake wakaondoka kazini.

Basi yule dereva akawa shujaa. Mwezi uliofuata akasema mhasibu anauza vipuri. Tukamwamini bila kuhesabu, kwa kuwa la dizeli lilikuwa kweli. Mhasibu akasimamishwa, akanyimwa mshahara miezi miwili, na tulipokuja kuhesabu vipuri vyote vilikuwepo. Baadaye akaongeza kwamba meneja amezika hirizi chini ya tangi, na wapo waliochimba. Kijiti kilipima dizeli, yeye hakikumpima. Mlevi alisema kweli siku ya kwanza, na siku ya pili akasema uongo, mtu yuleyule.

Ndiyo maana swali la mleta mada naona limekaa upande. Kumtupa au kumbeba mtu mzimamzima sikuwezi. Mimi nauliza: katika haya aliyosema, lipi lina tangi la kutia kijiti?

Msafiri wa Nakuru

Shikamoo mama, umenikumbusha David Munyakei wetu. Alikuwa karani tu pale Benki Kuu ya Kenya, si mkubwa wa mtu, hana digrii za kutisha. Lakini mikononi mwake zilipita karatasi za Goldenberg, serikali ikilipa fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, na almasi zenyewe Kenya hatuchimbi. Akawapa wabunge wa upinzani nakala. Mwaka 1993 akakamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi iliondolewa lakini kazi hakurudishiwa, na mwaka 2006 alifariki maskini. Hakuna aliyehitaji kumwamini yeye, karatasi zilikuwa zinajisomea. Huyo Lazar alitoka na karatasi gani?

Mtoto wa Kigoma

Bi. Stoo, shikamoo. Kisa chako kizuri, ila kinanipa nguvu mimi. Kafulila alipata CAG, Munyakei alikuwa na karatasi. S-4 nani ataingia na kijiti? Tarehe 26 Julai 2023 David Grusch, ofisa wa zamani wa ujasusi wa jeshi la anga, aliapa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba serikali inaficha vyombo visivyo vya binadamu. Machi 2024 ofisi iliyopewa kuchunguza mambo hayo ikatoa ripoti: hatujaona ushahidi. Ofisi yenyewe iko chini ya Pentagon, wizara ya ulinzi! Mtuhumiwa anajikagua mwenyewe, nasi tupige makofi?

Mleta mada

Grusch alisema kwa kinywa chake kwamba hivyo vyombo hakuviona, aliambiwa na watu zaidi ya 40 aliowahoji. Kiapo kinabana alichosikia yeye. Hao waliomwambia hawakuapa.

Mpiga Kona

Arobaini na mmoja, hata shemeji yangu anaamini.

Bi. Stoo

Marahaba, mwanangu wa Kigoma. Hapo umenikamata, sitakuficha. Mimi mwenyewe sikuwahi kukubali mtu ahesabu stoo anayoitunza. Ripoti hiyo ningeirudisha, watafute mkaguzi wa nje.

Lakini tangi likifungwa kwa kufuli, siandiki kwamba limejaa.

Mtoto wa Kigoma

Wala huandiki kwamba ni tupu. Sasa mama, leja iko mbele yako, Lazar amesimama dirishani na visahani vyake tisa. Unaandika nini?

Bi. Stoo

Tarehe, jina lake kama alivyolitaja, idadi tisa. Upande wa pili: mzigo haujapokelewa. Nafasi ya saini naiacha wazi.