Nimechoshwa na watu wa ofisini wanaofuatilia sahani yangu na vyuma vyangu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ijumaa mchana nilikuwa nakula mezani kwangu: mayai manne ya kuchemsha, maharage na kiazi kitamu kimoja. Mtu akanipiga picha kwa nyuma, mabega yote yanaonekana, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la ofisi na maneno "Baunsa wetu yuko lishe". Mpaka saa kumi jioni watu zaidi ya ishirini walikuwa wameshacheka chini ya ile picha, na mkuu wa idara yangu ni mmoja wao. Na mimi nimo humo humo kwenye grupu, nasoma mmoja baada ya mwingine, huku nafunga hesabu za mwezi.

Mimi ni mwanamke, mhasibu, niko Dar, nina miaka 36 na mtoto mmoja. Marehemu baba alikuwa na kisukari. Walimkata mguu chini ya goti, nikamuuguza miaka miwili, namfunga kidonda kila asubuhi kabla ya kupanda daladala. Mwishoni mwa 2022 na mimi nikaenda kupima. Sukari ya asubuhi kabla sijala chochote ikasoma 6.4. Daktari akaniambia ikifika 7 kinaitwa kisukari, na mimi nimebakiza padogo. Nilikuwa na kilo 81. Akasema nipunguze uzito, niache soda na juisi za dukani, na nisiishie kutembea tu, nibebe na vitu vizito, kwa sababu ukishakula, misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya ile sukari kutoka kwenye damu.

Januari 2023 nikaingia jimu. Siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, kabla mtoto hajaamka. Leo nina kilo 65, skwoti (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani) napiga kilo 70, dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) kilo 90, na kipimo cha mwisho sukari ilisoma 5.3. Ofisini sijamwambia mtu hata mmoja habari hii, na sioni kwa nini nilazimike kusimulia mguu wa baba yangu ndipo niruhusiwe kula yai kwa amani.

Walianza nilipopungua. Kilo kumi za kwanza zilipoondoka, ikapita minong'ono kwamba nina ngoma. Dada mmoja wa mapokezi akanifuata chooni, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaanza dawa. Nilirudi mezani mikono inatetemeka. Na hebu fikirieni mtu ambaye kweli anaishi na virusi pale ofisini, alijisikiaje akiyasikia yale maneno yakizunguka korido nzima.

Mabega yalipoanza kuonekana, hadithi ikageuka. Sasa nachoma sindano za kujaza misuli. Sasa naota ndevu. Kizazi kitaharibika. Mume atanikimbia. Jamani, homoni ya kiume inayojenga ile miili mikubwa, mwanamke anayo kidogo mno, mwanaume anamzidi mara nyingi sana. Mwanamke wa kawaida anayebeba vyuma mara tatu kwa wiki anapata nguvu na mwili unakaza, hageuki mwanaume. Wanawake wananyanyua vyuma kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, na wamo waliozaa na wakarudi jukwaani. Nimeshaeleza haya mara ngapi? Wanasikiliza, wanatikisa kichwa, kesho mtu yule yule anakuja kunibonyeza mkono mbele ya wateja. Ananibonyeza kweli, kwa vidole vyake, bila kuniomba ruhusa.

Na hayo mayai yanayowasumbua. Mwalimu wangu wa mazoezi alinipigia hesabu ya gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani kwangu kama gramu 104 kwa siku. Yai moja lina kama gramu sita. Mayai manne hayafikishi hata robo. Ndiyo maana kuna maharage, kuna dagaa, kuna kuku jioni. Ni chakula cha sokoni, wao wenyewe wanakila. Kwa nini kikiwa kwenye hotipoti yangu kinageuka kuwa sinema?

Kinachoniumiza zaidi kinamhusu mama mmoja wa masijala. Ni mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu, na ananipenda kwa dhati. Chai ya saa nne huja na vitumbua alivyopika mwenyewe. "Kula mwanangu, unajitesa." Mama huyu siwezi kumjibu vibaya. Nimelelewa kwamba mkubwa akikupa chakula kwa mkono wake unapokea, unashukuru, unakula hata kidogo. Kwa hiyo huwa nachukua kimoja, nakula, nasema ahsante mama, na kweli vinapendeza, sijawahi kusema vitumbua ni sumu. Wenzangu wakaligundua hilo. Sasa wakitaka kuniona nikila keki ya bethidei au kunywa soda, wanamtuma yeye na sahani. Wanasimama pembeni na simu zao wakisubiri. Nikipokea wanapiga makofi, "leo kashindwa!" Nikikataa, nimemdharau mama wa watu. Wamechukua heshima yangu kwake wakaifanya mtego, na yeye masikini hajui anatumiwa.

Halafu kuna dumu la maji. Idara yetu ina wanaume sita, wawili ni vijana chini ya miaka thelathini. Tangu mwaka jana dumu la dispensa likiisha wanaita jina langu. "Si unabeba vyuma wewe?" Dumu lile ni karibu kilo ishirini, uzito si tatizo. Lakini chuma kina mahali pa kushika, unajipanga, miguu imekaa sawa, sakafu kavu. Dumu lililolowa linateleza, unaligeuza kichwa chini usawa wa kifua, ukiwa na viatu vya ofisini. Mwezi wa nne liliniponyoka nikajikaza kulidaka, nikaumia kifundo cha mkono. Wiki tatu sikufanya mazoezi. Hakuna aliyeuliza, na dumu lililofuata waliniita tena.

Nilikwenda utumishi kabla hata ya hii picha. Nikajibiwa ni utani wa kazini, nisiwe na roho nyepesi, wenzangu "wananijali". Mtu anayekujali hupima maneno yake. Kuna kaka mmoja wa stoo, nilipokuwa na kile kifundo, alikuja kimya akanibebea mafaili mpaka ghorofani na hakuuliza swali lolote. Huyo ndiye aliyenijali.

Jana Jumamosi nimeandika barua. Nataka picha ifutwe, aliyeipiga aombe radhi kwenye grupu lile lile alikoirusha, na mtu yeyote asiniguse mwili. Nakala moja kwa mkuu wa idara, pamoja na kwamba naye alicheka, nyingine kwa utumishi, wasaini kwamba wameipokea. Aliyewahi kushughulikia jambo kama hili kazini kwake naomba anielekeze hatua inayofuata kama wataikalia. Wanaokuja kuniambia nipunguze mayai, tafadhali piteni tu.

Kesho naingia saa mbili kamili. Hotipoti nimeshaipanga. Maji ya kunywa natoka nayo nyumbani, na dumu likiisha watalibeba wao.