RX 580 8GB au GTX 1060 6GB kwenye OptiPlex 9020? Niko Dodoma, bajeti laki nne

Zabibu_Kavu

Mbukwenyi wakuu. Naombeni ushauri maana wiki nzima nazunguka na kila fundi ananiambia la kwake. Nina Dell OptiPlex 9020 ile ya kusimama, i5-4590, ramu 16, SSD 240, niliichukua mtumba nikiwa chuo kwa ajili ya kuandika ripoti, sasa chuo kimeisha ajira bado nikasema basi angalau nicheze gemu.

Kadi za michoro (zile za kuchezea gemu) nilizopata ni mbili zote mtumba. RX 580 8GB iko kwa jamaa mmoja Nkuhungu anataka 250,000 na kagoma kushuka. Ya pili GTX 1060 6GB iko Kariakoo 280,000, kuna ndugu yangu anapanda SGR Jumapili anaweza kunibebea. Monita yangu ni 1080p ya kawaida 60Hz. Gemu zangu ni FC 24, GTA V, CS2 kidogo na PES 2021 washkaji wakija. Bajeti yote ni 400,000 na hapo ndio mwisho sina pa kuongezea.

Mimi moyo uko kwenye 580 maana memori kubwa na bei iko chini, ila fundi wa Makole ananiambia eti AMD zinaua mashine nisithubutu. Ni kweli? Jamaa wa Nkuhungu anataka jibu Jumamosi.

mchawi_wa_fremu

580 chukua fasta, GB 8 kwa laki mbili na nusu unaulizia nini tena

Fundi Soketi

Mkuu Zabibu kabla hujamsikiliza huyo hapo juu fungua mfuniko wa hiyo Dell uangalie pawa saplai imeandikwa nini. Nakwambia kabisa utakuta wati 290 na haina hata waya mmoja wa kwenda kwenye kadi. RX 580 inakula mpaka wati 185 yenyewe peke yake na AMD wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 500. GTX 1060 ni wati 120, Nvidia wanashauri 400. Kwa hiyo zote mbili hazikai kwenye hiyo mashine kama ilivyo, na hapo ndipo watu wengi wanaliwa hela, wananunua kadi wanafika nyumbani wanakuta tundu la pini 8 juu ya kadi linamkodolea macho.

Halafu kingine, pawa saplai ya kawaida haiingii kwenye ubao wa 9020 moja kwa moja. Ubao wa Dell hiyo unatumia plagi ya pini 8 sio zile 24 za kila mtu, kwa hiyo unahitaji adapta ya 24 kwenda 8, ni kawaya kafupi tu ila mafundi wengi mjini hawana mpaka uagize. Usimruhusu mtu akate nyaya akuunganishie kwa tepu, nimeshapokea mashine ya hivyo ikiwa imeungua ubao na mwenyewe analia.

Kuhusu AMD kuua mashine huo ni uongo wa kijiweni. Kinachoua ni zile pawa saplai za elfu ishirini zimeandikwa 500W kwa stika, ukiishika nyepesi kama mkate. Tafuta mtumba yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze ya wati 450 kwenda juu, hata kama imechakaa nje.

Zabibu_Kavu

Aisee nimefungua kweli ni 290. Na waya wa kadi hakuna. Kumbe ningeumbuka. Kwa hiyo hapo bajeti inabaki kama laki tatu na kitu kwa kadi?

Fundi Soketi

Weka pembeni elfu themanini kwa pawa saplai na adapta. Inayobaki ndio ya kadi. Na pima urefu, hizo 580 nyingine zenye feni kubwa zinagonga kizimba cha hard disk.

Bibi_Pixel

Nimetumia zote mbili kwa hiyo ngoja niseme nilichokiona mimi, sio za kwenye makaratasi. 1060 ilitoka Julai 2016 na 580 Aprili 2017, ni kizazi kimoja kabisa na tangu enzi hizo watu wanabishana hazijaachana. Kwa 1080p zinakimbia sambamba, gemu za DX12 na Vulkan, zile njia mpya za gemu kuongea na kadi, 580 inatangulia, gemu za zamani za DX11 hasa ukiwa na prosesa dhaifu kama hiyo ya kwako 1060 inapumua vizuri zaidi kwa sababu draiva (programu inayoendesha kadi) ya AMD kwenye DX11 ilikuwa inaichosha prosesa. GTA V ni DX11 ile ya kawaida, PES nayo hivyo hivyo. Na monita yako ni 60Hz jamani! Kadi moja ikikupa fremu 75 kwa sekunde na nyingine 84 wewe unaona 60 tu, hiyo tofauti inabaki kwenye namba ya kona ya skrini. Watu wanagombana kwa fremu ambazo macho yao hayajawahi kuziona.

Kuna kitu kimoja 580 inashinda wazi wazi nacho ni hiyo memori. Gemu za miaka hii ya karibuni 6GB inajaa haraka unaanza kuona picha zinakuja na ukungu au mchezo unakwama kwama kila ukigeuka. Lakini sasa gemu za hivyo i5-4590 yako yenye kori nne na nyuzi nne itakuwa imeshakata pumzi kabla memori haijajaa. Na zile gemu mpya zinazolazimisha rei tresingi (mwanga wa kihalisia) ya kwenye kadi hazifunguki kwenye yoyote kati ya hizi, hilo usahau.

Kwa orodha yako hiyo, sawa sawa.

Kondoo_wa_Kongwa

Dada hapo kaongea vizuri ila mtu hajauliza swali kubwa, hiyo 580 ni 580 kweli? RX 580 halisi ina shaderi (vikori vya kuchora picha) 2304. Kuna nyingine iliingia soko la China 2018 inaitwa 580 2048SP, hiyo kiukweli ni RX 570 imevalishwa jina, boksi linaandikwa RX 580 8GB kwa herufi kubwa na hako ka 2048SP kanaandikwa kadogo au hakaandikwi kabisa. Zimejaa mitandaoni na mtumba zinazokuja huku nyingi ndio hizo. Sio mbovu, tatizo unauziwa kwa bei ya kaka yake.

Nenda na flashi yenye GPU-Z, kaprogramu ka kuonesha kadi ni ipi, haihitaji hata kuinstoli. Angalia pale kwenye Shaders. Ikiandika 2304 na TMUs 144 endelea na mazungumzo. Ikiandika 2048 na 128 umeshajua.

Na ya Kariakoo nayo usiiamini bure, 1060 ya 3GB sio tu imepungua memori, na kori imepunguziwa, ni 1152 badala ya 1280. Mwambie akutumie picha ya GPU-Z, sio picha ya boksi.

mchawi_wa_fremu

mi yangu 580 nimetumia miaka miwili haina shida. Mnamtisha tu dogo

Kondoo_wa_Kongwa

Ulishaiangalia shaderi ngapi?

mchawi_wa_fremu

ngoja nirudi home nicheki

Mama Luku

Mimi si mtu wa gemu ni mume wangu na mtoto wa dada, ila mimi ndio nanunua umeme wa hiyo nyumba kwa hiyo niacheni niseme. Tofauti ya hizo kadi ni wati 65 kwa mliyosema hapo juu. Mtu akicheza saa nne kila siku kwa mwezi ni yuniti karibu 8. Kwa umeme wa kawaida, ule ambao elfu moja inakupa yuniti 2.8, ni kama elfu mbili na mia nane kwa mwezi. Sio nyingi eeh? Sasa kama uko kwenye tarifu ya chini ile ya yuniti 75 kwa mwezi hizo 8 ndio zinakuvusha, na ukishavuka bei ya yuniti inapanda, unajua mwenyewe. Kama mmepanga na mita moja watu wanne hapo sasa ndio ugomvi wa kila tarehe moja utajua mchawi nani.

Zabibu_Kavu

Mama Luku umenigusa 😂 tumepanga Chang'ombe vyumba vitatu mita moja na tuko kwenye hiyo hiyo ya 75, mwezi wa 10 yuniti zilivuka nikasingiziwa mimi na kompyuta kumbe kuna mtu alikuwa anapikia heta.

Halafu wakuu samahani kuna kitu sikusema mwanzo, huwa naedit video za sendoff na kipaimara, sio kila wiki ila zikija ndio hela ya kula. Natumia Premiere ya Adobe. Inabadilisha kitu?

Fundi Soketi

Ndio unasema leo? Yani tumeshaandika kurasa tatu hapa 😅

Inabadilisha sana. Chukua 1060. Premiere na CUDA, ule mfumo wa Nvidia wa kuipa kadi kazi, wameelewana siku nyingi, na ile enkoda ya Nvidia inayobana video wakati wa kutoa video ya saa mbili kwenda kwenye flashi ya bi harusi utaiona faida yake, ya AMD ya kizazi hicho kwenye H.264 picha inatoka imechafuka ukibana saizi. Ukija kutamani Blender ya 3D ndio kabisa, injini yake ya Cycles kwenye 580 siku hizi haitumii kadi, inarudi kwenye prosesa. Mchezo unalipwa na wewe, sendoff inakulipa wewe.

Bibi_Pixel

Hapo na mimi nahama, 1060. Ila ujue kabisa unanunua kadi ambayo draiva zake za gemu zimefika mwisho, Nvidia wamefunga Oktoba 2025 kwa kizazi hicho cha Pascal, kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu mpaka 2028. AMD nao 580 waliiweka pembeni tangu 2023. Kwa gemu zako za zamani haina neno.

Kondoo_wa_Kongwa

Sikubaliani sana na nyie ila sawa. Kwangu mimi 580 ya kweli kwa 200,000 bado ingekuwa ndio ununuzi, kuedit unaweza kuvumilia. Kwa 250 hapana. Na nyingi zilikuwa kwenye mashamba ya kuchimba Ethereum usiku na mchana mpaka Septemba 2022 walipobadilisha mfumo, zikamwagwa sokoni. Kuchimba peke yake hakuiui kadi, kinachochoka ni feni na zile pedi za joto, ila wachimbaji wanabadilisha bayosi (programu ya ndani ya kadi), unafika nyumbani draiva ya AMD inagoma kuingia unadhani kadi imekufa kumbe inataka kurudishiwa bayosi yake. Ukienda kuiona washa FurMark, programu ya kuikamua kadi, dakika kumi na tano ukiwa umekaa hapo hapo, usikubali soda.

Na kwa hapa Dodoma, mwezi wa 11 huu kabla mvua hazijaanza chumba kinafika nyuzi thelathini na kitu na vumbi lote la mtaa linaingia kwenye feni. Kadi ya wati 185 kwenye kikesi cha Dell chenye feni moja nyuma itapiga kelele kama mashine ya kusaga.

mchawi_wa_fremu

2048

Kondoo_wa_Kongwa

Pole mkuu.

mchawi_wa_fremu

miaka miwili wakuu. Miaka miwili nawaambia watu nina 580

Zabibu_Kavu

Mrejesho. Jumamosi nilienda Nkuhungu na flashi. Jamaa mwanzo mchangamfu, kaniwashia na GTA kabisa inakimbia vizuri tu, nikamwambia naomba nichomeke flashi sekunde moja akaanza kuniuliza kuna virusi? Nikafungua GPU-Z, shaderi 2048, TMU 128. Nikamwonesha akasema hiyo programu inakosea, ya kwake ni toleo jipya. Nikamuuliza kama ni jipya mbona boksi halina? Akasema boksi lilinyeshewa. Dodoma. Mwezi wa 11. Nikaaga vizuri.

Ya Kariakoo jamaa alituma picha ya GPU-Z bila kelele, 1280, memori 6144 MB, nikalipia nusu, ndugu yangu akaenda nayo kuipima akamalizia, Jumapili usiku nikaipokea stesheni. Adapta ya pini 24 kwenda 8 ndio imenitesa, nimezunguka mpaka nimepata moja kwa fundi wa Majengo aliyeitoa kwenye mashine iliyokufa, elfu kumi na tano. Pawa saplai Bronze wati 450 mtumba elfu sitini na tano. Jumla 360,000 imebaki elfu arobaini nimenunua pesti mpya ya kadi na kebo ya DisplayPort na nyama choma.

FC 24 midiamu kwenda high iko 60 imetulia. GTA V nimezima MSAA (kulainisha kingo za picha) na nyasi nimeshusha, haigusi chini ya 60 ukiwa mjini isipokuwa ukikimbizwa na polisi wengi, hapo naona prosesa inafika asilimia mia na kadi bado iko 70 kwa hiyo dada Pixel ulisema kweli. CS2 ndio inapanda inashuka. Joto 74 feni ikiwa inasikika kidogo, mfuniko nimeuacha wazi upande, najua najua vumbi.

Video ya kipaimara ya dakika 50 nimeitoa kwa muda wa kunywa chai, zamani nilikuwa naiacha usiku kucha nikiomba umeme usikatike.

Mama Luku

Na yuniti?

Zabibu_Kavu

Mwezi bado haujaisha mama 😂

Njiwa_Manga

Samahani kwa kuchelewa, huyo jamaa wa Nkuhungu bado anayo hiyo 2048? Mimi sina shida na jina, 570 kwa laki na nusu naitaka kwa ajili ya mdogo wangu.

Zabibu_Kavu

Alikuwa nayo jana nimepita pale. Anza na laki na thelathini, akikuambia ni 580 mwambie naomba nichomeke flashi.